Vigae vya Katani

Jogoo wa Mwalimu Zephaniah alikuwa na tabia ya kupanda juu ya banda kila asubuhi na kuwatangazia majirani kwamba mtaa ule ni wake. Jumatatu moja ya Novemba mwaka 1984 aliruka kama kawaida, akatua, akanyoosha shingo, na kabla hajatoa sauti paa likamfungukia akazama ndani, yeye na majivuno yake. Gertrude, mke wa Mwalimu, alikuwa akichambua mahindi ya manjano ya msaada kwenye uteo. Alicheka mpaka akauweka uteo chini.

"Zephaniah! Kuja uone hii jogoo yako. Imeingia nyumba kwa kupitia juu."

Mwalimu alitoka na kikombe cha chai ya rangi mkononi, naye akiwa tayari kucheka. Kisha akaona kilichompokonya jogoo uwanja wake. Hakikuwa ubao uliooza wala bati lililoshika kutu. Kilikuwa kigae cha katani, kimoja kati ya sita vilivyobaki yeye na wanafunzi wake walipoezeka shule ya nasari kule Mbololo miaka minne iliyopita. Aliinama akaokota kipande. Kwa nje kilikuwa kizuri, kijivu, hakina ufa wa kumtia mtu shaka. Akakishika kwa mikono miwili, akakikunja kidogo, na kikakatika bila ubishi kama biskuti. Katika mvunjiko nyuzi za katani zilikuwa zimegeuka kahawia. Alipozisugua kwa kidole zikawa vumbi.

Jogoo mzima ana kilo mbili, labda tatu akiwa ameshiba, na mwaka ule hakuna aliyeshiba, si jogoo si mwenye jogoo.

"Una nini?" Gertrude aliuliza. "Mbona umekuwa hivyo?"

"Hakuna kitu," alisema Zephaniah. Ulikuwa uongo, na katika habari ya vigae hivyo haukuwa uongo wake wa kwanza.

Hakuwa mtu mbaya. Hilo liwekwe wazi mapema, maana wapo watakaotaka kumhukumu kabla ya kusikia yote. Alifundisha ujenzi katika chuo kimoja cha ufundi nje kidogo ya mji wa Voi, na aliufundisha kwa moyo. Udhaifu wake ulikuwa kupenda kushinda, tena kushinda kwa niaba ya wanafunzi wake, na mtu anayeshindania watoto wa watu hujisamehe mambo mengi.

Mwaka 1980 yalitangazwa mashindano ya wilaya nzima. Wanafunzi walitakiwa kuchora darasa la nasari la kujengwa kwa vitu vya papa hapa Taita: udongo, mawe, miti, makonge. Kila kitu cha kununuliwa Mombasa kilipunguza alama, na mabati hayakutakiwa hata kutajwa. Mchoro utakaoshinda ungejengwa. Nia ilikuwa njema kabisa. Vijana wajifunze kuitazama ardhi yao kabla ya kulitazama duka. Zephaniah alilipenda wazo hilo tangu aliposoma barua, kwa sababu kwa miaka tisa alikuwa amefundisha kutoka vitabu vilivyoandikwa na watu wasioujua mchwa.

Darasa lake likawaka moto. Vijana waliokuwa wakisinzia kwenye somo la vipimo sasa walibishana mpaka kwenye foleni ya chakula. Walichimba udongo sehemu nane, wakautia kwenye chupa za maji kuona mchanga ni kiasi gani na mfinyanzi ni kiasi gani. Waliingia mashamba ya mkonge wakaokota nyuzi fupi ambazo kiwanda hufagia na kutupa. Wakazikata, wakazichanganya na mchanga na saruji kidogo, wakamimina kwenye kalibu ya mbao, na baada ya siku chache wakainua kigae chembamba, kikubwa kama meza ya kusomea. Siku hiyo Zephaniah alifurahi kuliko siku ya harusi yake, na Gertrude alimwambia hivyo hivyo bila kukasirika sana.

Katika darasa hilo alikuwamo msichana aliyeitwa Wakesho. Baba yake, Donald, alikuwa mfanyakazi wa reli pale Voi, kazi yake kupaka chokaa nyumba za wafanyakazi na mawe ya kando ya njia. Wakesho ndiye aliyepewa kuandika ripoti ya kikundi, kwa kuwa mwandiko wake ulisomeka. Kwenye ukurasa wa mwisho aliongeza maneno ambayo hakuna aliyemtuma. Aliandika kwamba brashi za baba yake ni za katani, na brashi ikisahauliwa kwenye ndoo ya chokaa haimalizi mwezi, nyuzi zinakatika zenyewe. Saruji nayo ina chokaa. Je, katani iliyofungiwa ndani ya kigae itakaa muda gani?

Zephaniah alilisoma swali hilo Alhamisi jioni. Ripoti ilitakiwa Ijumaa. Alijua, kwa ile hisia inayompata mwalimu mara chache sana maishani, kwamba hilo ndilo swali bora kuwahi kuulizwa darasani mwake. Alijua pia kwamba hana jibu, na kwamba jibu lingetaka kungoja miaka. Alichukua kalamu nyekundu akalipiga mstari.

"Katani iliyo ndani imefunikwa," alimwambia Wakesho asubuhi. "Haipati hewa. Si kama brashi. Halafu sikiliza, fundi akiiogopa kazi yake, watu wataikimbia. Ukiulizwa, jibu bila kusita. Sema miaka thelathini."

Na kweli aliulizwa. Kigae kiliwekwa juu ya mawe mawili, jaji mmoja mwenye kitambi cha heshima akapanda akasimama, kigae kikanesa kisivunjike, watu wakapiga makofi. Mwenzake akauliza kitu kama hicho kitadumu muda gani. Wakesho, mwenye miaka kumi na saba, akamtazama usoni. "Miaka thelathini, mheshimiwa." Wakashinda kwa alama kumi na nne.

Nasari ikajengwa Mbololo kwa harambee. Zephaniah akapigwa picha. Na kwa kuwa alikuwa mwalimu hodari, kila darasa lililofuata alilifundisha kigae hicho, kalibu yake na vipimo vyake, na namna ya kuwajibu wenye mashaka.

Basi sasa, miaka minne baadaye, alisimama kando ya banda la kuku na vumbi la kahawia kwenye kidole.

Ungedhani angetoka mbio saa ile ile. Hakutoka. Jumatatu nzima alijiambia kwamba ni mavi ya kuku, yana ukali, ndiyo yaliyokula kigae. Jumanne alivijaribu vile vitano vilivyobaki, viwili kati yake havijawahi kukaa juu ya kuku yeyote, vilikuwa vimeegemezwa ukutani tu. Vyote vilikatika. Jumatano ikaja barua ya kumwomba awe jaji mkuu wa mashindano mapya, makubwa kuliko yale, na ndani yake ilisemwa kwamba vigae vya katani vingependekezwa kwa nasari nyingine saba. Aliikunja akaitia mfukoni, na siku nzima ikawa inamchoma paja.

Kilichomtia hofu zaidi ni mawingu. Kwa mwaka na zaidi mvua ya maana haikuwa imenyesha. Mapaa ya vigae hivyo, la nasari na lolote waliloezeka wanafunzi wake, yalikuwa yamebeba jua tu. Sasa kila alasiri mbingu zilikuwa zikijaa mawingu upande wa vilima vya Maungu, na Voi nzima ilikuwa ikiomba, makanisani na msikitini, watu waliokonda wakiinua mikono. Katika wilaya nzima labda ni mtu mmoja tu aliyekuwa akiomba isinyeshe, na aliona aibu kwa maombi hayo hata kitandani.

Alhamisi saa nne asubuhi ngurumo ilisikika. Zephaniah aliwaacha wanafunzi na zoezi ubaoni, akaenda mpaka dukani kwa Badawy, mwuza vifaa vya ujenzi, aliyekuwa akipakia misumari na rangi kwenye pikapu.

"Unapanda Mbololo?"

"Napanda, Mwalimu. Ingia. Leo inshallah haipiti, tazama wingu lile. Nimemwambia mke wangu Mwanamina atoe mapipa yote nje." Badawy alikuwa na furaha ya mtoto. Njia nzima alizungumza habari ya mvua, jinsi itakavyokuja, jinsi atakavyosimama nje alowe na kanzu yake. "Mbona huitikii? Hutaki mvua wewe?"

"Nataka," alisema Zephaniah. "Isije leo."

Badawy alicheka akidhani ni mzaha, akamshusha mbele ya nasari akaenda zake.

Nasari ilikuwa imejaa. Mwalimu wake, Susan, mwanamke mpole wa makamo, alikuwa akiwagawia uji watoto arobaini na watatu, na walipomwona mgeni wote wakasimama wakaimba salamu. Zephaniah hakuwaitikia. Alikuwa akitazama juu. Hapakuwa na dari. Ule ulikuwa uzuri wa mchoro wao, kwamba mtoto akiinua macho aone paa lilivyotengenezwa. Vigae vilikuwa vimelegea kati ya fito, kila kimoja na tumbo dogo, na matumbo hayo hayakuwamo kwenye mchoro wowote.

"Karibu, Mwalimu," alisema Susan. "Umekuja kuona kazi yako? Imetulea vizuri, joto hatulijui. Ila hii vumbi." Alipitisha kidole juu ya meza akamwonyesha unga wa kijivu. "Nafagia asubuhi, mchana iko tena. Na jua likiwa kali paa inalia. Tik, tik, hivyo. Watoto wanaiita saa. Wanasema saa ya shule imeanza."

"Watoe nje," alisema Zephaniah.

"Sasa hivi? Wanakunywa uji."

"Watoke na uji wao. Nataka kupima kitu."

Kupima! Hata hapo alishindwa kulisema. Susan alimtazama kidogo, kisha akawapanga watoto akawatoa wawiliwawili, vikombe mikononi, wakakaa chini ya mti wa mwarubaini. Zephaniah akachukua ufagio wa kufagilia utando wa buibui, wenye mti mrefu, akaugusisha kwenye kigae cha katikati. Hakusukuma. Mti ulipita. Kigae kikashuka na jirani yake akakifuata, halafu wa tatu, vyote vikaangukia meza za mbele kwa kishindo kilichowafanya watoto nje wapige kelele za furaha, kwa kuwa walidhani ni mchezo. Benchi moja lilivunjika mguu.

Susan alikuwa mlangoni. Uso wake ulikuwa umeingia kijivu kama zile meza.

"Hapo mbele ninaketisha wale wadogo," alisema. "Wa miaka mitatu. Ndio wasikie vizuri."

Hapo Zephaniah akasema yote, kwa sauti, bila kupunguza. Katani imekufa ndani ya saruji. Mwanafunzi aliliona jambo hili kabla hata ya kigae cha kwanza kupanda juu. Yeye alilifuta swali ili washinde. Alitaka Susan amtukane, angeshukuru. Susan hakumtukana.

"Mwanafunzi gani?"

"Wakesho. Binti ya Donald wa reli."

"Mungu wangu," alisema Susan. "Si ameolewa hapo juu, karibu na tangi la maji? Nyumba yake yote ameezeka na hivi. Ana mtoto mchanga. Nenda, Mwalimu. Unasimama kwa nini? Nenda!"

Alipanda kile kilima akiwa na miaka hamsini na miwili na viatu vya darasani. Upepo ulikuwa umegeuka baridi. Wingu lilikuwa limeshafunika jua na bonde lote lilikuwa limeingia rangi ya jioni ingawa ilikuwa haijafika saa sita. Njiani aliona watu wakikokota madebe na sufuria kuyapanga uwanjani, na mzee mmoja alimpungia mkono akamwambia Mungu ametukumbuka.

Wakesho alikuwa nje ya nyumba yake akianua nguo chache zilizokauka. Alipomwona mwalimu wake uso ulimchanua.

"Mwalimu! Hata siamini. Karibu ndani, mvua inakuja. Mtoto amelala, utamwona akiamka."

"Mtoe mtoto nje, Wakesho."

"Nimtoe? Kwa hii upepo?"

Alimweleza. Alimweleza jogoo, alimweleza nasari, akamwonyesha vumbi lililokuwa bado kwenye shati lake. Wakesho alisikiliza mpaka mwisho, na kitu kikawa kinafungwa taratibu usoni mwake.

"Katani iko ndani imefunikwa," alisema. "Haipati hewa."

"Hayo ni maneno yangu. Si kweli. Swali lako lilikuwa sawa, mwanangu. Mimi ndiye nilikuwa mwoga."

"Haikuwa sawa. Wewe mwenyewe ulisema haikuwa sawa." Sauti yake ilianza kupanda. "Mwalimu, unajua watu wa hapa walinicheka namna gani? Msichana kuezeka nyumba, tena na takataka ya kiwanda. Baba yangu mzazi alikataa kulala hapa. Mimi niliwajibu mmoja mmoja, bila kusita, vile ulinifundisha. Wakakubali. Sasa unakuja na shati chafu unaniambia nini? Nikawaambie nini hao watu?"

Huyu msichana alimwamini yule mwalimu wa mwaka 1980 kuliko huyu mzee aliyesimama uwanjani akihema, na kosa hilo lilikuwa la nani kama si lake? Aliutazama mlango. Ndani, gizani, aliona ukingo wa kitanda na mguu mdogo uliovaa soksi nyeupe. Juu ya kitanda vigae vilikuwa na matumbo yale yale.

Tone la kwanza lilimpiga shingoni. La pili likaanguka mavumbini likaacha shimo dogo. Mtoto aliamka akalia.

"Tafadhali," alisema Zephaniah. Hakuwa amewahi kulitumia neno hilo kwa mwanafunzi. "Mbebe tu mgongoni. Uje umalize nguo zako. Sikuombi lingine."

Labda ni neno hilo, labda ni nguo zilizokuwa zinalowa. Wakesho alisonya, akaingia, akatoka na mtoto akamfunga mgongoni kwa leso, akarudi kwenye kamba ya nguo huku akinung'unika kwamba uzee unawaharibu watu. Zephaniah alingoja mpaka alipokuwa hatua kumi kutoka mlangoni. Kisha akaokota jiwe la kujaza kiganja akalirusha juu ya paa.

Lilipita kama vile hapakuwa na kitu. Shimo likabaki, kisha ukingo wa shimo ukashuka, kisha safu nzima ya upande ule ikajiachia kutoka kwenye fito, kimoja baada ya kingine, bila haraka, ikaishia juu ya kitanda.

Wakesho alipiga ukemi uliosikika mpaka barabarani. Alimrukia Zephaniah akamkamata shati, akampiga kofi moja, la pili likabaki hewani kwa sababu alikuwa ameshatazama mlangoni. Alisogea, akaingia hatua moja. Shuka la mtoto lilikuwa halionekani. Mto ulikuwa umepasuka. Alisimama hapo, mtoto akichezea nywele zake kwa nyuma, na alipogeuka hakuwa na hasira tena, na Zephaniah angetoa chochote irudi.

"Kumi na moja," alisema Wakesho.

"Nini?"

"Nyumba nimeezeka. Mimi na wasichana niliowafundisha. Kumi na moja hapa mlimani, na wao wameenda kwao na kalibu zao. Mmoja yuko Mwanda. Mmoja sijui yuko wapi." Alikuwa akihesabu kwa vidole. "Mwalimu, Mama yuko ndani ya moja. Mguu unamsumbua, hatoki."

Akashika njia ya kuteremka, mtoto mgongoni, miguu mitupu. Zephaniah alimfuata, akasimama penye njia panda, kwa kuwa nyumba za mapaa ya kijivu zilikuwa kushoto na kulia na hakujua aanzie ipi. Mvua ikafika yote kwa mara moja. Alipiga kelele kwa nguvu zake zote, tokeni, tokeni nje, na sauti ikamezwa, maana mlima mzima ulikuwa umeshaanza kupiga vigelegele. Wanawake waliimba, madebe yalivuma, mtu fulani alikuwa akigonga kengele ya kanisa. Na kila alikotazama, watu waliolowa wakicheka walikuwa wakiwashika watoto wao mikono, wakikimbilia ndani.